Pini mbili za muziki zilitoka, pini nne za kufuli zikaingia

Leo naomba tuzungumzie gemu, ila msikimbie mkadhani ni mambo ya watoto. Humu ndani kuna sheria, kuna biashara, kuna redio za Toyota zetu, na kila fundi mwenye meza yake pale Kahama mjini linamgusa.

Habari yenyewe ni hii. Mei 2025 kampuni ya Nintendo ya Japani ilibadilisha mkataba wake na watumiaji wa Marekani. Mkataba mpya unasema ukivunja masharti, ikiwemo kubadilisha mashine au programu zake bila ruhusa, kampuni inaweza kuifanya mashine hiyo isifanye kazi tena, yote au sehemu yake. Juni 5, 2025 wakatoa mashine mpya, Switch 2, na kabla mwezi haujaisha wakaanza kujitokeza watu waliofungiwa huduma za mtandaoni kwa sababu walichomeka kadi inayoitwa MIG, kadi ya kubebea nakala za gemu. Mashine wamenunua kwa hela zao, risiti wanayo, lakini swichi ya mwisho iko mkononi mwa kampuni.

Kiswahili chetu kina maneno mawili yanayokaribiana hapa: kucheza na kuchezea. Kampuni inataka ucheze. Haitaki uchezee. Sasa mimi nawaletea kisa cha zamani kidogo kinachoonyesha kwamba bila wale waliochezea, dunia isingejua kabisa kwamba iliuziwa kitu kilichopungua.

Turudi nyuma. Julai 15, 1983 Nintendo waliingiza sokoni kwao Japani mashine iitwayo Family Computer, kwa kifupi Famicom, bei yen 14,800. Wengi wenu mnaijua hata kama jina hamlijui, maana ndiyo mama wa TV gemu zote za Mchina zilizofurika hapa kwetu. Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994 (Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi, na hawachoki kutukumbusha). Kwa hiyo kwa familia nyingi za Bara TV na TV gemu viliingia nyumbani karibu karibu. Zilikuja za maumbo yote. Ipo hata iliyoigiza PlayStation, inaitwa PolyStation, ukifunua mfuniko wa CD unakuta tundu la kaseti. Na kaseti yenyewe imeandikwa ina gemu 9999, ukikaa ukahesabu unakuta ni zile zile zinajirudia, zimebadilishwa majina na hatua ya kuanzia.

Famicom ya Japani ilikuwa na ujanja mmoja ambao wengi hawakuujua. Kaseti yake ina pini 60. Sauti ikitoka kwenye chipu ya mashine haiendi moja kwa moja kwenye TV. Inapita pini namba 45, inaingia ndani ya kaseti, inazunguka, inarudi kwa pini namba 46, ndipo inakwenda kwenye TV. Kwa nini izungushwe hivyo? Kwa sababu mwenye gemu anaweza kuweka chipu yake ya muziki ndani ya kaseti, ikachanganya sauti zake na sauti 5 za mashine. Chukulia ukumbi wenye wapiga muziki 5 wa kudumu, lakini mlango wa nyuma umeachwa wazi kwa yeyote atakayekuja na wapigaji wake.

Na wakaja. Konami walitengeneza chipu ya VRC6 yenye sauti 3 za ziada, wakaitumia kwenye Akumajō Densetsu, Desemba 1989. Mwaka 1991 hao hao Konami wakatoa Lagrange Point yenye chipu ya VRC7, sauti 6 za ziada za aina ile ile ya FM iliyozipa umaarufu kinanda za Yamaha. Namco nao walikuwa na chipu inayoweza kuongeza mpaka sauti 8. Sunsoft mwaka 1992 wakatoa Gimmick!, muziki wa Masashi Kageyama, nayo ina sauti 3 za ziada. Kwa mashine ya 1983, hiyo ni sawa na kuchukua baskeli ya Phoenix ukaifunga injini, halafu ikakimbia kweli.

Tatizo lilianza mashine ilipovuka bahari. Mwaka 1985 Nintendo waliipeleka Marekani kwa jina la NES, na umbo likabadilishwa lifanane na deki ya video. Kaseti nayo ikabadilishwa, kutoka pini 60 ikawa na 72. Hebu tupige hesabu ya kijiweni. Chukua 60, toa 2, zile za muziki. Ongeza 4, hizo ni za chipu ya kufuli, inayokagua kama kaseti imepata kibali cha Nintendo. Ongeza nyingine 10, ambazo zinakwenda kwenye tundu lililo chini ya tumbo la mashine, limefunikwa kwa plastiki. Jumla 72.

Njia ya muziki ndiyo ilihamishiwa huko tumboni. Mpango ulikuwa siku moja kitoke kifaa cha kuchomeka chini, kikamilishe mzunguko. Kifaa hicho Nintendo hawakukitoa kamwe. Tundu likabaki na mfuniko wake miaka yote, na sauti ya ziada kutoka kwenye kaseti ikawa inafika hapo na kuishia hapo, kama barabara ya lami inayofika kwenye mto usio na daraja.

Kwa hiyo Konami walipoileta gemu yao Marekani Septemba 1990 kwa jina la Castlevania III, ilibidi watoe chipu ya VRC6, waweke chipu ya Nintendo iitwayo MMC5, na muziki wote upangwe upya kwa sauti 5 tu. Gimmick! iliyouzwa nchi za Skandinavia 1993 nayo ikakatwa hivyo hivyo. Kijana wa Chicago alicheza, alifurahi, wala hakulalamika. Angelalamikaje wakati hakujua kuna kilichokosekana?

Hapa niseme msimamo wangu, maana kuna watu wanapenda kuona njama kila mahali. Sidhani kama kuna kikao kilichokaa kuwanyima Wamarekani muziki. Kufuli ndilo lilipangwa, tena kwa makusudi, kwa sababu soko la gemu Marekani lilianguka 1983 baada ya kila mtu kutoa takataka yake, na Nintendo hawakutaka yarudie. Muziki ulipotea pembeni tu, hakuna aliyekuwa anaulinda. Na hicho ndicho kinachonisumbua zaidi ya njama. Njama ina mwenyewe, utamtafuta. Kitu kilichopotea kwa sababu hakuna aliyejali, atakitafuta nani?

Waliokitafuta ni watu wa kawaida, wenye bisibisi na muda. Walifungua mashine zote mbili, ya Japani na ya Marekani, wakafuatilia njia za shaba kwenye bodi moja baada ya nyingine, wakaandika kila pini inafanya nini, wakaweka intaneti bure. Dawa waliyopata inachekesha kwa udogo wake: rezista moja ya 47K, inachomewa kati ya pini namba 3 na namba 9 za lile tundu la tumboni. Basi. Ukiweka kaseti za kisasa kama PowerPak au EverDrive N8, ambazo chipu zake zinaweza kuigiza hizo chipu za Konami na Namco, muziki wa 1989 unatoka kwenye mashine ya Marekani kama ulivyotungwa. Rezista hiyo bei yake haifiki ya soda.

Sasa tuje kwetu, Nyasubi. Kwa wasiokuwa wenyeji, Nyasubi ni kata ndani ya mji wa Kahama, mkoa wa Shinyanga, mji uliokua haraka kwa dhahabu na biashara. Huku NES ya Marekani haikufika kwa wingi, tulicheza za Mchina. Na za Mchina zina ugonjwa wao tofauti.

Ugonjwa wa kwanza ni wa sauti yenyewe. Zile chipu nyingi za kuiga zilikosewa mahali padogo: mipangilio miwili ya rangi ya sauti imebadilishana nafasi. Gemu ikiagiza sauti nene inapata nyembamba, ikiagiza nyembamba inapata nene. Noti ni zile zile, ladha ndiyo siyo. Ndiyo maana mtu aliyekulia kwenye TV gemu ya Mchina akisikia Nintendo halisi anaweza kusema hii ndiyo feki.

Ugonjwa wa pili ni mwendo. Japani na Marekani TV zao zilionyesha picha 60 kwa sekunde, za kwetu za mfumo wa PAL ni 50. Gemu nyingi za wakati ule zinahesabu muziki kwa picha, kila picha hatua moja. Picha zikipungua kutoka 60 hadi 50, wimbo unapunguza mwendo kwa sehemu moja kati ya sita. Kwa hiyo ule wimbo wa Mario unaouimba kichwani tangu utotoni, kuna uwezekano mkubwa unauimba taratibu kuliko alivyoutunga Koji Kondo. Siyo kosa lako.

Wa tatu ndio unaofanana na wa Wamarekani. Tundu la kaseti la Mchina lina pini 60 kama la Japani, lakini kwenye mashine nyingi zile pini 45 na 46 zipo kwa sura tu. Hazikuunganishwa na kitu. Mtengenezaji aliokoa waya mbili na senti chache.

Hata hivyo tusitie chumvi. Kaseti zilizouzwa madukani kwetu, zenye Tank, Contra, Circus Charlie, Road Fighter na ndugu zao, hazikuwa na chipu ya ziada ya muziki. Hapo hapakuwa na cha kupotea. Zile gemu kubwa zilizokuja na chipu ya ziada, mara nyingi matoleo ya feki yalichakachuliwa ili yaenee kwenye chipu ya bei rahisi, na sauti za ziada zikaachwa huko huko kiwandani. Kukosa kunaanza siku unapopata kaseti halisi ya Kijapani, ambayo sasa unaweza kuagiza, au unapoweka EverDrive kwenye mashine ya pini 60. Gemu inawaka, picha safi, halafu muziki una mapengo. Kuna sehemu ngoma inapiga peke yake, kinanda hakipo. Mtu asiyejua atasema kaseti mbovu, na atarudisha kaseti nzima kabisa.

Fundi anayejua atafungua. Mifupa miwili anayoitafuta iko mahali rahisi: kwenye safu moja ya pini 30, namba 45 na 46 ndizo zinakaa katikati kabisa. Atatafuta njia ya sauti inayotoka kwenye chipu kabla haijafika kwenye kikuza sauti, ataikata hapo, upande wa chipu atauvuta kwa waya mpaka pini 45, upande wa kikuza sauti atauvuta mpaka pini 46. Mzunguko wa Famicom umekamilika. Ila awe mwangalifu: kaseti za kawaida zina daraja ndogo ndani linalounganisha pini hizo mbili, na ikitokea kaseti isiyo na daraja hilo, baada ya matengenezo hayo itanyamaza kimya. Dawa ni swichi ndogo pembeni ya mashine, ya kurudisha njia ya zamani. Na zile mashine ambazo chipu zake zimefunikwa donge jeusi, kuipata njia ya sauti ni kuhangaika na mita, lakini ipo, kwa sababu lazima ifike kwenye waya wa AV.

Sasa kuna mtu ataniambia, mzee, nani leo Nyasubi anacheza Famicom, vijana wako kwenye PlayStation wanabishana Simba na Yanga huku wanacheza mpira wa Ulaya. Sawa. Lakini nikuulize swali moja: gari lako lilitoka wapi?

Magari mengi tunayoendesha ni yaliyotumika Japani. Na redio za Japani zilitengenezwa kwa FM ya kwao, kuanzia 76 hadi 90 MHz, baadaye wakaongeza mpaka 95. FM yetu inaanzia 87.5 na kwenda mpaka 108. Gari linashuka bandarini Dar, linapanda mpaka Kahama, redio nzima kabisa, inawaka taa zote, lakini sehemu kubwa ya vituo vya nchi hii kwake havipo. Ni muziki uliokosekana ule ule, safari hii kwenye Corolla. Na dawa kila mtu anaijua: unakwenda kwa fundi, anaweka kaboksi kadogo kati ya antena na redio, ekspanda, kanashusha mawimbi ya juu yaingie kwenye eneo ambalo redio inalielewa. Kituo cha 100 unakipata kwenye 86 au karibu na hapo, kulingana na ekspanda yenyewe. Mpaka leo sijasikia mtu akimwita fundi wa ekspanda mwizi.

Lakini gari hilo hilo likikatwa umeme wa betri, redio ya Toyota ya miaka ya karibuni inawasha skrini ya Kijapani na kudai namba ya siri. Nyingine inadai kadi ya SD ya ramani za Japani, na kama kadi ilinyofolewa njiani, redio haifanyi chochote. Hapo hatuko tena kwenye pini mbili za muziki, tuko kwenye pini nne za kufuli. Kupungukiwa na kufungiwa ni vitu viwili tofauti, na sheria za dunia zinavichanganya kwa makusudi au kwa uvivu.

Angalia wenzetu. Sheria za haki ya kutengeneza zimeanza kupita nchi nyingi, zinazowalazimisha watengenezaji kutoa vipuri, vifaa na maelezo kwa mafundi wa nje. California na Minnesota, Marekani, zao zilianza kazi Julai 1, 2024. Nzuri sana. Ila ukisoma vizuri, sheria zote mbili zimeziacha nje mashine za gemu. Umoja wa Ulaya nao walipitisha maelekezo yao 2024, yakapewa tarehe ya kuanza kutumika Julai 31, 2026, yanataja mashine za kufulia, friji, simu. Mashine za gemu hazimo kwenye orodha. Hoja ya kampuni ni moja kila mahali: ukiruhusu watu wafungue, wataiba gemu.

Mahakama zimekuwa na mawazo mapana zaidi kuliko mabunge. Oktoba 2005 Mahakama Kuu ya Australia iliamua dhidi ya Sony kwenye kesi ya mtu aliyekuwa anauza na kufunga chipu za PlayStation, ikasema kufuli lile halikuwa kinga ya hakimiliki kwa maana ya sheria yao ya wakati huo (bunge lilibadilisha sheria baadaye, kama ilivyo kawaida). Januari 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, kwenye kesi ya Nintendo dhidi ya PC Box ya Italia, ilisema kufuli linalindwa, lakini lazima liwe na kiasi, na majaji waangalie kifaa cha kufungulia kinatumika kweli kwa kazi gani.

Hoja ya wizi siipuuzi. Tusidanganyane: zile kaseti za gemu 9999 tulizocheza zote zilikuwa za wizi, na PS2 nyingi kwenye vibanda vyetu zilikuwa zimechipiwa ili zisome CD za kuchoma. Kageyama na wenzake hawakupata shilingi kutoka Kahama. Lakini rezista ya 47K haiibi kitu. Haifungui kufuli lolote, hainakili gemu yoyote. Inapitisha sauti ambayo tayari iko ndani ya kaseti uliyonunua. Ukiweka sheria moja inayomtazama aliyechomea rezista na aliyenakili gemu elfu moja kwa jicho moja, umemkosa mwizi na umemkamata fundi.

Halafu tazama nani amekuja kufaidika na kazi ya wachezeaji. Mwaka 2019 Konami walitoa mkusanyiko wa Castlevania za zamani, na Juni mwaka huo wakaongeza matoleo ya Kijapani, Akumajō Densetsu na muziki wake kamili. Julai 2023 Gimmick! nayo ikatolewa upya dunia nzima, sauti zote zipo. Watu walinunua kwa furaha, na mimi siwalaumu. Ila soko hilo halikushuka kutoka mbinguni. Lilijengwa na watu waliofungua mashine miaka mingi kabla, wakaambia dunia kuna wimbo umekatwa hapa. Kwa masharti ya Mei 2025, kijana anayefanya kazi hiyo hiyo kwenye mashine ya leo anaweza kuamka akakuta mashine yake imegeuzwa tofali.

Kwetu sheria zipo, lakini ziliandikwa zikiangalia mambo mengine. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iliyoanzisha COSOTA. Tuna Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, inayokataza kubadilisha namba ya IMEI ya simu, na mafundi simu wanaijua vizuri. Na wote tunakumbuka Juni 16, 2016, TCRA walipozima simu feki nchi nzima. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wengi kuona kifaa kilicho mfukoni mwako kinaweza kuzimwa na mtu aliye ofisini. Sheria mahsusi inayosema fundi ana haki gani juu ya kifaa ambacho mwenye nacho amemletea, Bunge letu halijapitisha. Afrika Kusini wamejaribu upande wa magari: tangu Julai 1, 2021 wana miongozo ya tume yao ya ushindani inayomruhusu mwenye gari kwenda gereji huru bila kupoteza udhamini wake. Nchi inayoishi kwa magari na vifaa vilivyotumika kama yetu ina sababu kubwa kuliko wao.

Nasema hivi nikiufikiria Kahama hasa. Mgodi wa Buzwagi, kilomita chache tu kutoka mjini, ulifunguliwa 2009 na ukamaliza uzalishaji 2021. Bulyanhulu unaendelea, lakini kila mtu ameshaona kwamba mgodi una tarehe ya mwisho. Meza ya fundi haina tarehe ya mwisho, mradi vitu vinaharibika na mradi anaruhusiwa kuvifungua. Huo mradi wa pili ndio unaobanwa sasa, mbali sana na hapa, kwenye mikataba ambayo tunabonyeza "nakubali" bila kusoma. Simu ya leo inaweza kukataa kioo kipya kwa sababu hakikusajiliwa kiwandani. Runinga janja inadai akaunti. Kesho jiko.

Kwa hiyo wabunge wetu wakija na muswada wowote unaohusu vifaa vya kielektroniki, taka zake au bidhaa feki, swali la kuwauliza ni jepesi: fundi wa Nyasubi yuko kifungu gani? Kama hayupo, mjue ameachwa nje kama mashine za gemu zilivyoachwa California.

Na kwa yule aliyekwisha kuchukua bisibisi wakati mimi bado naongea siasa: kwenye NES anza na 47K kama nilivyosema. Ukiona sauti za ziada ziko chini sana, punguza ukubwa wa rezista, zitapanda. Ukipunguza mno zitameza zile 5 za mashine. Adapta chomoa kwanza. Na usijaribie kwenye TV ya mzee.